Kisu cha Kamante: Vyombo vya Jikoni na Msomaji Anayedhaniwa

Miongoni mwa vyombo ambavyo mhakiki wa fasihi huvipita bila kuvitupia jicho ni mbuzi. Si yule wa zizini, bali ni hii ya jikoni: kibao kifupi cha kukalia, chenye ulimi wa chuma wa meno meno uliotokeza mbele, ambao nazi hukuniwa. Mswahili hahitaji kuambiwa ni mbuzi gani anayekusudiwa, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi umekwisha kumwambia. Mbuzi wa Ali amekata kamba. Mbuzi ya Ali imevunjika mguu. Sauti moja yatosha kumtenga mnyama na chombo, na anayeinasa sauti hiyo bila kusita ni yule ambaye sentensi iliandikwa kwa ajili yake.

Jambo hilo dogo ndilo linalovifanya vyombo vya jikoni kuwa kipimo kizuri cha suala ambalo aghalabu hujadiliwa kwa maneno makubwa, yaani ubaguzi wa rangi katika uchapishaji. Maneno makubwa yana hasara yake. Mtu anaweza kuizungusha "itikadi" na "umagharibi" kutwa nzima ukumbini asimguse yeyote. Mwiko hauzungushwi hivyo. Kila msomaji, awe wa Lamu, wa Kakamega au wa Leeds, ana jiko nyumbani kwake, na ndani ya jiko hilo mna kitu cha kukorogea. Basi mchapishaji anapolikuta jina la chombo katika mswada na kuamua kwamba hili litafafanuliwa na lile litaachwa kama lilivyo, amekwisha kukiri, pengine bila kujua, ni jiko la nani analoliona akilini mwake.

Tuchukue ile sehemu ya kitabu iitwayo sherehe. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, iliyotoka London mwaka 1958, iliingizwa katika mfululizo wa African Writers Series ulioanza mwaka 1962, na katika matoleo ya mfululizo huo ikatembea na orodha ya maneno ya Kiigbo na maana zake. Orodha hiyo haikuwekwa kwa ajili ya msomaji wa Onitsha. Kwa upande wa pili, mwanafunzi wa Kenya aliyetiwa Dickens mkononi alikutana na vyuma vya kuchokolea makaa, mabirika ya kutundikwa juu ya moto na vichanja vya kupangia vipande vya mkate uliobanikwa, vitu ambavyo mama yake hakuwa navyo wala hakuvihitaji. Pale alipopewa maelezo, maelezo hayo yalikusudiwa kumfundisha Uingereza; hayakukusudiwa kumwombea Dickens radhi kwa ugeni wake. Kadhalika samovari ya Warusi imeingia katika tafsiri za Kiingereza na kuketi mezani bila kuulizwa kitambulisho. Msomaji asiyeijua samovari huona haya na kwenda kuitafuta. Msomaji huyo huyo asipolijua jina la chungu cha Mwigbo, haya humrudia mwandishi.

Inafaa isemwe mapema kwamba ufafanuzi wenyewe si kosa. Mashairi ya Kimvita na ya Kiamu huchapishwa pamoja na sherehe, na hapana anayelalamika, maana kifumbu, upawa na kawa ni maneno mageni kwa mwanafunzi wa Kisii au wa Meru kama yalivyo mageni kwa Mwingereza. (Neno sherehe lina mzaha wake, kwani ni maelezo na pia ni karamu, mwanafunzi huyo huitwa kwenye ile ya kwanza kwa namna ya kumkaribisha kwenye ile ya pili.) Tatizo ni mwelekeo. Ufafanuzi unaotoka upande mmoja kila siku, kutoka kwa mweusi kwenda kwa mweupe, hauwezi kuelezwa kuwa ni huduma tu kwa msomaji. Ni kauli kuhusu nani msomaji.

Hapa Kenya mwelekeo huo una ushahidi unaoweza kushikwa mkononi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na anwani yake ndefu iliwataja waziwazi waliokusudiwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Wenyeji walitajwa pia, lakini kama watu wa kushughulikiwa. Kiswahili cha walowezi kilikuwa kimechujwa ngeli na upatanisho hata mbuzi wa zizini na mbuzi ya jikoni wakawa kitu kimoja, kikabaki na kitenzi cha amri: lete, chemsha, ondoa, ngoja. Ndicho Kiswahili cha jikoni, na jikoni ndiko hasa kilikokomazwa, baina ya bibi aliyeshika kitabu na mpishi aliyeshika sufuria. Mpishi yumo katika kila ukurasa wa vitabu vya namna hiyo, lakini yumo kama sikio. Haikuwapo haja ya kumdhania macho.

Mpishi mashuhuri kuliko wote katika fasihi iliyoandikwa na wazungu kuhusu nchi hii ni Kamante, wa Out of Africa ya Karen Blixen (1937). Msomaji huanza kumwona akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akichunga mbuzi uwandani. Kisha anapelekwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti, anarudi amepona na ni Mkristo, na hatimaye anakuwa mpishi wa shamba la Ngong. Blixen hamdharau kwa upishi wake. Kinyume chake, anamsifu hadi kumhesabu miongoni mwa watu wenye kipaji kikubwa. Lakini inafaa kutazama jinsi sifa hizo zilivyofungwa.

Blixen anasimulia kwamba alimpa Kamante mashine ya kupigia mayai, naye akaiweka kando ishike kutu. Badala yake alichukua kisu cha kupalilia magugu ya bustani, akapigia ute wa mayai kwa kisu hicho, nao ukaumuka na kupanda kama mawingu. Mwandishi analieleza jambo hilo kwa kusema kwamba Kamante alivitweza vyombo vya mitambo, kana kwamba hakupenda vijitegemee mno. Maelezo hayo yanapendeza, na yamesomwa kwa miongo mingi bila kupingwa na mtu yeyote aliyewahi kupiga ute wa yai. Mtu wa namna hiyo angejua kwamba kazi inayotakiwa ni kuingiza hewa, na kwamba bapa jembamba la chuma linaloinua na kukunja huifanya kazi hiyo vizuri sana. Wapishi wa Ulaya na Marekani wenyewe, kabla ya mashine kuenea, walipiga ute kwa uma, kwa fito zilizofungwa pamoja, na kwa bapa la kisu. Kamante basi alikuwa akifanya uamuzi wa kifundi, wa aina ambayo mpishi wa Paris angeulizwa sababu yake. Yeye hakuulizwa. Uamuzi ukageuzwa tabia, na tabia ikageuzwa asili ya watu wake.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa majina ya sosi. Kwa kuwa hakujua kusoma, Kamante alihifadhi mapishi yote kichwani, na kila sosi aliiita kwa tukio la siku aliyofundishwa: moja kwa radi iliyoupiga mti, nyingine kwa farasi aliyekufa. Blixen anakiri kwamba hakuchanganya hata moja. Kitabuni jambo hili limewekwa kama kichekesho kitamu. Msomaji wa Kiambu au Nyeri, hata hivyo, angeukumbuka utaratibu ambao marika ya Wagikuyu yalipewa majina ya matukio ya wakati wake, ndui na njaa na mengineyo, hata wazee wakaweza kuhesabu vizazi bila karatasi. Kamante alikuwa ameazima njia iliyokwisha kujaribiwa ya kutunza kumbukumbu, akaiingiza katika upishi wa Kifaransa. Hiyo ni faharasa. Aliyekosekana ni mhariri ambaye angeitambua, maana hapakuwa na mtu katika mlolongo mzima wa uchapishaji, kutoka Ngong hadi Copenhagen na London, aliyedhaniwa angeweza kuitambua.

Kuna jambo jingine katika jiko hilo. Blixen asema kwamba kitu kimoja tu kilimshinda kumfundisha Kamante, nacho ni mpangilio wa vyakula mezani. Kwa hiyo siku za wageni ilimpasa kumchorea: sahani ya supu kwanza, kisha samaki, kisha kwale. Msomaji hucheka kidogo na kufungua ukurasa unaofuata. Lakini ukitazama vizuri, michoro hiyo ni maandishi ya Karen Blixen ambayo tuna hakika yalitungwa kwa ajili ya Kamante aliyasome. Kitabu kizima kinamhusu yeye na jamii yake. Karatasi ya samaki na kwale ndiyo iliyoandikiwa yeye.

Na Kamante hakuwa mtu asiyejali vitabu. Katika sehemu ambayo wahakiki wamestahili kuitazama zaidi, anamwendea bibi yake aliyekuwa akiandika usiku katika chumba cha kulia, akiwa na Odyssey mkononi. Anamwonyesha kwamba kitabu hicho kimeshikamana. Hata ukikitikisa hakisambaratiki. Cha kwako, asema, kimetawanyika huku na huku, na mtu akisahau kufunga mlango karatasi hupeperushwa zikaanguka chini. Hakitakuwa kitabu kizuri. Blixen anamjibu kwamba huko Ulaya wako watu watakaoweza kukishikamanisha.

Hukumu ya Kamante imezoea kusomwa kama ya mtu anayedhani kwamba ubora wa kitabu ni gundi yake. Ingefaa isomwe tena. Out of Africa ni kitabu cha vipande. Sehemu yake nzima ni vijisehemu vifupi visivyofungamana, na hata wahakiki wa Ulaya wamepata kazi kueleza kinachoviunga. Mpishi aliliona hilo kabla ya mhariri yeyote. Zaidi ya hayo, aliuliza swali ambalo ni kiini cha uchapishaji wote: nani atakayekishikamanisha? Akaambiwa ni watu wa Ulaya. Jibu lilikuwa la kweli, na uzito wake hauonekani kama uliwahi kumshtua aliyelitoa.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alimhukumu Blixen kwa ukali katika mhadhara alioutoa Denmark mwaka 1980 na baadaye kuuchapisha katika Moving the Centre (1993). Anwani ya mhadhara huo imemweka mpishi wa Blixen ubavuni mwa mbwa wake. Msingi wa lawama yake ni kile kifungu ambamo Kamante, akimletea bibi yake kiazi kitamu au kipande cha mafuta ya kondoo kama tunu, anafananishwa na mbwa mstaarabu anayemletea binadamu mfupa. Mashtaka hayo yana nguvu na hayajapata jibu la kuridhisha. Watetezi wa Blixen husema kwamba alilinganisha kila mtu na wanyama, wazungu wakiwamo, na kwamba kwake mnyama hakuwa tusi. Huenda ni kweli. Lakini mzungu aliyelinganishwa na tai aliweza kukinunua kitabu, akakisoma na akaandika barua kwa gazeti. Mfano wa mnyama hauwezi kupimwa pasi na kuuliza kama anayefananishwa anahesabiwa miongoni mwa watakaousoma. Kwa hiyo pale Ngũgĩ alipomkazia macho mbwa, inafaa mhakiki wa leo amkazie macho kisu pia. Tusi la mbwa hujitangaza. Sifa ya kisu hupita kimya, na ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi ya kumtoa Kamante katika kundi la watu wanaofikiri na kumwingiza katika kundi la watu wanaostaajabisha.

Kamante alipata kitabu baadaye, tena kizuri kwa macho. Kilitolewa Marekani mwaka 1975 kwa jina Longing for Darkness, mkusanyaji wake akiwa Peter Beard, na anwani ndogo inaeleza kwamba hizi ni hadithi za Kamante kutoka Out of Africa. Kiunganishi hicho "kutoka" kinahitaji kutafakariwa. Mzee anasimulia maisha yake mwenyewe kwa kinywa chake, na jalada linasema kwamba yametoka katika kitabu cha mwajiri wake.

Mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya Ngong peke yake. Huko Marekani, ambako mpishi mweusi alikuwa mtumwa kabla ya kuwa mtumishi, mkono uliopika na mkono ulioandika ulitengwa kwa sheria. Abby Fisher alizaliwa utumwani South Carolina mwanzoni mwa miaka ya 1830. Sheria ya huko ya mwaka 1740 ilikataza mtumwa kufundishwa kuandika, na ile ya 1834 ikakataza kusoma pia. Mwiko aliruhusiwa kuushika. Kalamu ikawa mwiko. Baada ya utumwa kukomeshwa alihamia San Francisco, akajipatia sifa na tuzo kwa achari na vyakula vyake, na mwaka 1881 kikachapishwa huko kitabu chake, What Mrs. Fisher Knows About Old Southern Cooking. Kwa kuwa yeye na mumewe hawakujua kusoma wala kuandika, alisimulia, na marafiki wenye kalamu wakanukuu.

Matokeo ya kunukuu huko yamo kitabuni hadi leo. Chakula cha mahindi na maharage kiitwacho succotash, ambacho jina lake latokana na lugha ya Wanarragansett, wenyeji wa pwani ya mashariki ya Marekani, kimeandikwa circuit hash, maneno mawili ya Kiingereza yasiyo na maana yoyote yakiwekwa pamoja. Jambalaya nayo imekuwa jumberlie. Ni rahisi kusema kwamba Bi Fisher alitamka vibaya. Lakini aliyekuwa akisikiliza alisikia kwa masikio yake mwenyewe, akaandika alichodhani mwanamke mweusi wa Kusini angesema, na msimuliaji hangeweza kusoma prufu ili amkosoe. Kitabu kina jina lake kwenye jalada, na hilo si haba kwa mwaka 1881. Hata hivyo mapishi yote yamepita katika chujio ambalo si lake. Muda mrefu kitabu hicho kilidhaniwa kuwa cha kwanza cha mapishi kutungwa na mwanamke mweusi wa Marekani, hadi ilipopatikana nakala moja ya kijitabu cha Malinda Russell, kilichochapishwa Paw Paw, Michigan, mwaka 1866. Russell alikitoa mwenyewe. Nakala moja tu ndiyo iliyobaki kuthibitisha.

Wanawake weusi walipokuja kuanzisha shirika lao la uchapishaji mwaka 1980, Barbara Smith na Audre Lorde wakiwa miongoni mwao, waliliita Kitchen Table, yaani Meza ya Jikoni. Smith ameeleza kwamba jikoni ndiko wanawake hufanyia kazi na kuzungumza. Mwaka 1983 shirika hilo liliitoa upya diwani ya This Bridge Called My Back, iliyokuwa imebaki bila mchapishaji baada ya shirika lililoitoa mwaka 1981 kufungwa. Jina hilo la meza halikuwa pambo. Lilisema mahali pa kazi ambapo mchapishaji mkubwa alikuwa na desturi ya kupaona kama mahali pa kutumwa. Shirika lenyewe halikudumu sana baada ya kifo cha Lorde mwaka 1992, na nyumba kubwa hazikubadilika kwa kasi: uchunguzi wa kampuni ya Lee & Low kuhusu wafanyakazi wa uchapishaji, wengi wao wa Marekani, ulikuta wazungu ni asilimia 79 mwaka 2015 na asilimia 76 mwaka 2019.

Takwimu hizo zaweza kumliwaza mhariri wa Nairobi, akadhani kwamba ugonjwa uko ng'ambo na kwamba ofisi ambamo kila mtu ni Mwafrika imekwisha kupona. Afungue riwaya za Kiingereza zilizochapishwa mjini humu kwa wasomaji wa mjini humu. Bado hutokea neno sufuria likalazwa kwa herufi za mlazo, na pengine likafuatiwa na maelezo kwamba ni chombo cha kupikia, ilhali hapana nyumba kuanzia Muthaiga hadi Mathare isiyokuwa nacho, na Kiingereza cha Kenya hakina jina jingine la kukiitia. Herufi hizo zinamlenga mtu ambaye hakinunui kitabu hicho. Kule Kamukunji, mwendo mfupi kutoka maduka ya vitabu ya katikati ya jiji, mafundi wa jua kali huzifua sufuria kwa nyundo tangu asubuhi, ndogo na kubwa, hata zile za harusi ambazo mtu mzima aweza kuketi ndani yake, na mteja akiuliza bei huuliza bei ya sufuria.